Mafungu ya Mafia: siku sita kufuata maji

Siku ya kwanza: Mbagala, Nyamisati, Utende

Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa jahazi la boriti. Walipakia Rufiji, wakangoja upepo wa kusi, wakapandisha mpaka Lamu, na miaka mingine wakafika Ghuba. Alipoiacha bahari alikaa barazani kwake Tanga akitutajia mafungu na miamba ya njiani: Mange, Marimbani, Kitutia. Udogoni nilidhani ni majina ya miji. Nilikuwa nimeshaolewa ndipo nikajua kwamba Mange hakuna nyumba, hakuna mti, hakuna hata kichaka. Ni mchanga, na kwa sehemu kubwa ya siku mchanga wenyewe uko chini ya maji.

Safari hii nimeipangia mwezi. Nilitaka niwe Mafia wakati wa bamvua, yale maji makubwa, ya mwanzo wa Septemba, kusi ikiwa imeanza kuchoka na demani, majira ya mwisho wake, inabisha hodi. Mwezi ukipevuka au ukiandama, bahari yetu hushuka zaidi ya meta 3 kati ya kujaa na kupwa, na mafungu yote hutoka nje. Wiki moja baadaye yanakuja maji mafu, yanashuka na kupanda kidogo tu, na mtu anaweza kupita juu ya Mange asijue amepita. Jambo jingine ambalo watu wa pwani wanalijua bila saa mkononi: siku za bamvua maji hupwa saa nne asubuhi na kujaa saa kumi, kisha kila siku yanachelewa kwa takriban robo tatu ya saa. Kwa hiyo saa zangu zote za wiki hii zimeshapangwa.

Basi liliondoka Mbagala alfajiri, likafuata barabara ya Kilwa, na pale Bungu tukakata kushoto kuelekea Nyamisati. Bandari ya Nyamisati ni mlango mwembamba katikati ya mikoko. Boti ilipita taratibu kwenye maji ya rangi ya chai ya maziwa, mikoko na michu imesimama kila upande, na mara mojamoja mtumbwi uliojaa makuti au mkaa. Katika vijito hivi ndimo Wajerumani walimoificha manowari yao Königsberg wakati wa vita vya kwanza, hadi Waingereza, ambao walikuwa wameikamata Mafia mapema mwaka 1915 na kurushia ndege zao huko, walipoiangamiza tarehe 11 Julai mwaka huohuo. Nilitazama ule msitu nikaelewa jinsi meli nzima inavyoweza kupotea humo.

Tulipotoka mlangoni maji yakabadilika: chai, kisha kijani, kisha buluu. Kilindoni tulifika alasiri. Ufukwe wa bandari ya Kilindoni unakabili Rufiji na una rangi ya udongo uliosafiri. Bajaji ilinivusha kisiwa mpaka Utende upande wa mashariki, nikalipa kiingilio kwenye geti la Hifadhi ya Bahari, hifadhi ya kwanza ya aina yake Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1995, yenye kilometa za mraba 822. Baada ya magharibi nikampata nahodha niliyeelekezwa, mzee wa kisiwa cha Jibondo, amekaa juu ya ngalawa iliyopinduliwa.

"Shikamoo, nahodha."

"Marahaba, mwanangu. Wewe mjukuu wa nani?"

Nikamwambia. Hakumjua babu kwa jina, lakini aliyajua majahazi ya boriti, na baba yake alipanda mojawapo. Akatazama juu, mwezi umekaribia kujaa. "Leo kumi na nne. Kesho Marimbani. Uje saa mbili, usiniletee saa mbili na nusu."

Siku ya pili: Fungu la Marimbani

Saa mbili kamili maji yalikuwa yameshaanza kukimbia. Mashua ilikuwa imeinama ubavu kwenye matope, tukaisukuma watu watatu, mimi, nahodha na kijana wake, mpaka ikaelea. Kijana akapiga upondo hadi kwenye maji marefu, foromali, ule mti unaobeba tanga, ikapandishwa, tanga likajaa. Ni tanga la viraka, kiraka kimoja kimeshonwa kwa gunia la unga. Upepo haukuwa wetu, tukapiga bisha, yaani kugeuza tanga na kuukata upepo, mara tatu, na kila bisha kijana alihama na foromali mbele ya mlingoti kwa miguu mitupu juu ya ubao uliolowa, kama anayepita sebuleni kwao.

Hakuna aliyeniambia "lile pale". Kwanza niliona mstari wa povu mahali ambapo hapakuwa na sababu ya kuwa na povu. Halafu maji ya pale yakawa na rangi ya maziwa. Halafu ndege: membe kama kumi na tano wamesimama juu ya bahari, ndivyo nilivyoona, wamesimama juu ya maji yenyewe. Tulipokaribia nikaona mgongo wa mchanga chini ya miguu yao, mwembamba, unang'aa, na unaongezeka. Ulikuwa unatoka. Nimekulia pwani na nimeona maji yakipwa maelfu ya mara, lakini siku zote nilikuwa nimesimama nchi kavu nikiyatazama yakiondoka. Sijawahi kuona nchi kavu ikizaliwa mbele yangu.

Tukatia nanga. Nahodha hakuiweka karibu. Alisema mashua inayolala juu ya fungu hungoja ruhusa ya maji ya jioni. Nikashuka, maji yakanifika kiunoni, nikatembea mpaka juu.

Saa nne na nusu fungu lilikuwa na urefu wa viwanja viwili au vitatu vya mpira, limejipinda kama mundu. Jua lilikuwa kali, lakini mchanga haukuchoma miguu hata kidogo. Nilichota konzi nikaitazama kwa karibu. Mchanga wa Kilindoni ni mawe ya bara yaliyosagwa na mto. Huu wa Marimbani ulikuwa hai zamani. Vipande vya matumbawe, kauri zilizovunjika ndogo kuliko punje ya mchele, magamba, na unga mweupe ambao kwa kiasi kikubwa ni kazi ya pono. Pono hula kwa kuguguna matumbawe kwa lile domo lake kama la kasuku, anasaga, anachukua chakula chake, na kinachobaki anakitoa nyuma kikiwa mchanga. Pono mmoja mkubwa hutoa mamia ya kilo kwa mwaka. Bibi yangu alikuwa akitukaangia pono Ijumaa, na hakuna aliyewahi kutuambia kwamba tunakula mtengeneza ufukwe. Tangu siku ile nimewatazama wale samaki mnadani kwa jicho jingine, na nasema wazi kwamba wakivuliwa wote, fungu hili litakosa anayelijazia.

Kwenye madimbwi yaliyobaki kulikuwa na viti vya pweza vyekundu, wale wenye umbo la nyota, na majongoo bahari yamelala kama magogo. Kijana alikoka moto wa vifuu ndani ya sufuria kuukuu, akachoma changu wawili, tukala na mihogo na ndimu. Je, ataswali adhuhuri yake hapa na kuijumlisha na alasiri? Nilimuuliza nahodha. Akacheka: "Hapana, mwanangu. Adhuhuri nitaiswali mashuani. Hapa pa kuswalia patakuwa hapapo."

Ilikuwa kweli. Saa sita upande wa nje ulianza kulamba. Maji hayakuja na wimbi. Yalikuja kwa kutambaa, kutoka pande zote mbili, na kila yalipotambaa yaliacha mstari wa povu ambao mtambao uliofuata uliuvuka. Alama za nyayo zangu zilifutika kuanzia za asubuhi. Membe wakasogea katikati, nami nikasogea. Saa saba ilibaki sehemu ya kutosha mkeka wa watu wanne. Niliganda pale. Nilitaka kuwa kiumbe cha mwisho kusimama juu ya Marimbani siku hiyo, na membe wawili walikuwa na nia hiyohiyo. Mikondo miwili ikakutana juu ya vidole vyangu, ikagongana, ikapigana vibao vidogo vya maji, na nchi ikawa imekwisha.

"Mwanangu, panda sasa."

Nilipogeuka nikiwa mashuani, palikuwa na maji ya rangi ya maziwa na ndege wawili wakizunguka.

Siku ya tatu: Juani, upande wa nje

Juani inaikinga ghuba ya Chole na bahari kuu. Upande wa ndani ni mikoko na maji yaliyotulia. Upande wa nje hakuna kitu mpaka uifike dunia nyingine. Mashua zetu haziendi huko wakati wa kusi, kwa hiyo unashukia kijijini na kukivuka kisiwa kwa miguu, kupitia mashamba ya mihogo, halafu vichaka, halafu majabali ya matumbawe makavu yaliyochongoka. Vaa viatu vya kufunga. Mimi nilivaa ndala na nilijuta, maana kisigino kilichanika na siku tatu zilizofuata kila nikiingia maji ya chumvi nilikumbuka.

Unausikia ufukwe kabla hujauona. Mawimbi ya pale yana sauti ya magari mazito. Kisha miti inafunguka na kuna kipande cha mchanga mfupi kati ya miamba miwili, umeinuka kwa nyuma, na kwenye mchanga vijiti vimechomekwa, kila kimoja kina kibao chenye tarehe. Fukwe hizi ndogo za mashariki ya Juani ni miongoni mwa mahali pakuu pa kasa kutaga katika nchi yetu. Maji yetu yana aina tano za kasa. Zinazotaga kwetu ni mbili, kasa wa kawaida na ng'amba.

Mlinzi wa viota ni kijana wa hapohapo kijijini. Alinieleza kazi yake akiwa amechuchumaa. Kasa hupanda usiku, huchimba, hutaga mayai mia na kitu, hufukia na kurudi baharini. Bamvua ndiyo adui wa kiota kilichochimbwa chini mno, kwa sababu maji ya kujaa hupanda hadi mizizini mwa miti, na yai likilowa maji ya chumvi kwa muda, kilichomo hufa. Kwa hiyo mlinzi akikuta kiota cha namna hiyo anayahamisha mayai asubuhi ileile, mojamoja, bila kuyageuza, mpaka juu. Zamani mayai haya yalikuwa mboga na nyama ya kasa ilikuwa nyama. Baba yake mwenyewe alikuwa akizila. Leo anayetoa taarifa ya kiota hupewa kifuta jasho, na kijiji hupata fungu kutokana na wageni wanaokuja kutazama watoto wakitoka. Nilimuuliza baba anasemaje. "Mwanzo alinuna. Sasa ndiye anayeniamsha."

Tulingoja tangu saa nane. Kabla ya hapo, mlinzi, mimi na nahodha tulifagia njia kutoka kiotani hadi majini, maana bahari ya nje imeleta kila kitu: yeboyebo za mguu mmoja, chupa, vifuniko, vipande vya nyavu, kichwa cha mwanasesere. Mtoto wa kasa ana urefu wa kidole. Kwake kandambili ni ukuta na uzi wa wavu ni mtego. Tulijaza gunia zima kwa njia ya hatua thelathini tu, na ufukwe ulikuwa bado umejaa kushoto na kulia. Hasira niliyoipata pale bado ninayo.

Saa kumi hivi mchanga ulizama katikati, kama unga kwenye ungo. Kikatoka kichwa. Kisha hakuna kitu kwa dakika kumi. Kisha wakachemka wote, mmoja juu ya mwingine, weusi, wanapiga makasia hewani. Mlinzi hakuruhusu mtu kumshika hata mmoja: lazima watambae wenyewe, na inasadikiwa kwamba ndivyo wanavyojiwekea alama ya ufukwe wao, kwani majike watakaosalimika watarudi kutaga pande hizi baada ya miaka ishirini au zaidi. Tulihesabu 83. Wimbi la kwanza liliwarudisha wote mpaka miguuni petu. La pili likawachukua. Nahodha, ambaye amekaa baharini maisha yake yote, alikuwa amevua kofia.

Siku ya nne: Chole, Jibondo, Kua

Chole kwa ufupi, kwa sababu kisigino kiliniuma. Kisiwa kidogo, hakuna gari, boma la Wajerumani limekumbatiwa na mizizi, na popo wakubwa wamening'inia mchana kutwa kwenye miti yao kama nguo zilizoanikwa. Ufukwe wake ni wa vyombo: watu wanaenda na kurudi Utende.

Jibondo ni kwao nahodha, na hapo nilitaka kukaa. Tulifika maji yakiwa yamepwa kabisa, saa sita, tukaiacha mashua mbali na kutembea juu ya mwamba uliokauka. Hakuna mchanga mweupe wa kupiga picha. Kisiwa ni jiwe, udongo ni wa kuokota, maji matamu ni adimu na madumu hushushwa kutoka mashuani kwa uangalifu kuliko mzigo mwingine wowote. Lakini ufukwe wa Jibondo ni karakana. Jahazi lilikuwa limesimama juu ya magogo, mataruma yake yako wazi kama mbavu, na mafundi wawili walikuwa wakitoboa kwa keekee, ile ya upinde na kamba, bila umeme wala mchoro. Mwingine alikuwa akikalafati: anasokota pamba, anaipigilia kati ya ubao na ubao, anasogea shubiri moja. Harufu ya sifa, mafuta ya papa, ilikuwa kila mahali. Nilivuta pumzi nikamwona babu. Kanzu zake zilinukia hivi, na mama alikuwa akilalamika kuzifua.

Bibi mmoja aliyekuwa akianika mwani aliniita nikae kivulini, akanipa maji ya kunywa nusu kikombe. Nilijua thamani ya nusu kile. Nilikunywa polepole.

Saa kumi, maji yakiwa yamepanda vya kutosha, tukaingia Kua kupitia mlango wa mikoko. Magofu ya misikiti na jumba la mfalme, mibuyu ndani ya vyumba. Mji huu ulivamiwa mwanzoni mwa karne ya 19 na Wasakalava kutoka Madagaska, waliokuja kwa mitumbwi, na haukusimama tena. Hatukukaa sana, jioni ilikuwa inakaribia.

Siku ya tano: Ras Kisimani na Mange

Safari ndefu kuliko zote, kwa mashua ya mashine, tukaondoka kabla jua halijachomoza. Ras Kisimani ni ncha ya magharibi ya Mafia. Hapo palikuwa na mji, mkongwe kuliko Kua, na bahari imeula. Unatembea ufukweni na unachokanyaga ni vigae vya vyungu, vimelainishwa kingo na maji. Kuna watu wameokota sarafu za kale hapa. Nilikishika kigae kimoja chenye mistari iliyochorwa kwa ukucha au kijiti, nikakirudisha palepale.

Tukiwa tumekaa kwenye gogo nahodha akanisimulia kisa ambacho kila mtu wa Mafia anakijua. Watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kulishusha. Karamu ilipokolea wakawakamata watoto wa Kua, wakawalaza mchangani badala ya magogo, na jahazi likapita juu yao hadi majini. Kua hawakusema kitu. Walingoja miaka, wakatangaza harusi, wakawaalika wa Kisimani, wakawaingiza katika chumba cha chini kilichoandaliwa. Wenyeji wakawa wanatoka mmojammoja, mpaka akabaki mzee mmoja tu wa kuwachangamsha wageni, huku nje waashi wakiuziba mlango. Mzee yule alikubali kufa nao. Nahodha alisimulia bila kupandisha sauti, akionyesha kwa mkono jinsi mchanga unavyoteremka. Nilitazama mteremko ule na sikuweza kuutazama kama mteremko tena.

Saa saba kasoro tukafika Mange.

Nilikuwa nimeibeba Mange tangu utotoni, na siku ile ilinipa kidogo. Bamvua ilikuwa imeshapita kilele. Siku ya pili, alisema nahodha, ungekuta uwanja. Tulichokuta ni ulimi mrefu mwembamba, mweupe kiasi cha kuumiza macho, maji ya buluu nzito upande mmoja na ya kijani upande wa pili, na hakuna kisiwa kilichoonekana vizuri kokote. Niliutembea kutoka ncha hadi ncha. Katikati nilisimama nikalitamka jina lake kwa sauti kama alivyolitamka babu, akivuta ile "Maa". Niliomba dua fupi. Majahazi ya boriti hayakushuka hapa. Kwa mabaharia wale Mange ilikuwa ya kuogopwa, mahali pa kuvunjikia usiku, na ndiyo maana walifundisha majina hata kwa wajukuu wasiokwenda baharini. Tulikaa chini ya saa moja. Maji yalianza kurudi, na mara hii nilipanda mashuani bila kuitwa.

Siku ya sita: Kilindoni

Boti ya kurudi Nyamisati iliondoka alfajiri. Papa shilingi, wale wakubwa wenye madoa kama sarafu, huanza kuonekana mbele ya Kilindoni mwezi Oktoba, kwa hiyo sikuwa na cha kutazamia majini. Nahodha alikuja na pikipiki ya mpwa wake kuniaga, akaniletea mfuko wa pweza mkavu kwa ajili ya mama.

Nilimuuliza Mange itatoka tena lini kama inavyotakiwa, uwanja mzima.

Akahesabu kwenye vidole vya mkono wa kushoto, akarudia, midomo ikisogea. "Leo kumi na tisa. Mwezi ukiandama, kesho yake, saa tano kasoro asubuhi. Ukichelewa hiyo, ngoja kumi na tano." Akanikabidhi mfuko. "Mama yako naye anaweza kupanda mashua?"

Nikamwambia nitamuuliza.